Jenerali Broglio, roketi za Malindi na nyota iliyogoma kuonekana

Leo siasa naiweka pembeni kidogo. Nawaletea maisha ya mzee mmoja wa Kiitaliano aliyefariki mwaka 2001, ambaye kwao anaitwa baba wa safari za anga za juu. Jina lake ni Luigi Broglio. Huku kwetu hatajwi sana, lakini kule Malindi, Kenya, kuna kituo kizima cha anga chenye jina lake.

Nimeamua kumwandika kwa sababu vijana wengi wanaokaa kwenye hizi kompyuta wanaijua NASA vizuri tu, ila ukiwaambia kwamba setilaiti zilikuwa zinarushwa kutoka Bahari ya Hindi, hapo Pwani ya Kenya, wanadhani unawafunga kamba. Hakuna kamba hapa. Zilirushwa tisa, kati ya mwaka 1967 na 1988. Na moja kati ya hizo ndiyo iliyonasa dalili za kwanza za nyota ambayo wataalamu walihangaika nayo karibu miaka 20 kabla ya kujua ni kitu gani. Twende taratibu, nitawafikisha.

Broglio alizaliwa Novemba 11, 1911, Mestre, jirani na Venezia. Alisomea uhandisi, akaingia jeshi la anga la Italia upande wa mainjinia, akawa pia mwalimu wa Chuo Kikuu cha Roma kinachoitwa La Sapienza. Miaka ya 1950 akawa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege pale Roma. Kwa hiyo huyu alikuwa mwanajeshi na mwalimu kwa wakati mmoja, na nadhani vyote viwili vilimsaidia. Jeshi lilimpa roketi ndogo za kufanyia majaribio huko kisiwa cha Sardinia, na chuo kilimpa vijana wenye akili na njaa ya kazi.

Mwaka 1957 Warusi wakarusha Sputnik, dunia nzima ikashtuka. Mwaka 1959 Italia ikaunda kamati ya utafiti wa anga za juu na Broglio akapewa uenyekiti. Sasa hapo kulikuwa na tatizo. Italia ilikuwa imetoka vitani imeshindwa, pesa hakuna, roketi ya kufikisha kitu kwenye mzunguko wa dunia hakuna. Mtu mwingine angesema tusubiri. Yeye akapiga hesabu tofauti: roketi tutaomba kwa Mmarekani, setilaiti tutatengeneza wenyewe, na kazi ya kurusha tutaifanya wenyewe. Mwaka 1962 makubaliano na NASA yakapita. Wamarekani walitoa roketi aina ya Scout, yenye hatua nne na inayotumia mafuta makavu, na wakawafundisha mainjinia wa Kiitaliano namna ya kuiendesha. Desemba 15, 1964 vijana wa Broglio wakarusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka kisiwa cha Wallops huko Virginia, Marekani.

Lakini Broglio hakutaka kuishia kurusha kwenye uwanja wa watu. Alitaka uwanja wake, na alitaka uwe Ikweta. Kwa nini Ikweta? Dunia inazunguka, na pale katikati ndipo inapokwenda kasi kuliko sehemu nyingine, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki kutoka Ikweta inapewa hiyo kasi bure. Ni kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalotembea: tayari ana mwendo kabla hajajisukuma. Kwa roketi ndogo kama Scout, msaada huo si mdogo.

Ila Ikweta peke yake haitoshi. Hatua za roketi zikiisha mafuta zinaanguka, kwa hiyo upande wa mashariki lazima uwe wazi, pasiwe na watu. Hapo ndipo ramani ilipomleta kwetu Afrika Mashariki. Akachagua ghuba ya Ungwana karibu na Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, chini kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu. Ukichora mstari kutoka pale kwenda magharibi moja kwa moja unakuja kupita upande wa Biharamulo, kaskazini tu ya Kibondo. Yaani kwa habari ya Ikweta sisi na Ngomeni tuko karibu sawa. Tulichokosa ni bahari upande wa mashariki, maana huwezi kudondosha vyuma vya roketi juu ya mashamba ya watu.

Sasa angalieni ubunifu wa huyu mzee. Badala ya kujenga uwanja nchi kavu, alileta majukwaa ya chuma baharini. Moja lilikuwa jukwaa la zamani la kuchimbia mafuta, likapewa jina Santa Rita na kuwa chumba cha kuongozea. Lingine, San Marco, likawa pa kurushia. Yote mawili yalikokotwa na meli mpaka Kenya, yakasimamishwa kwa miguu ya chuma kwenye maji yasiyo na kina kirefu na kuunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Aprili 26, 1967 roketi ikaondoka pale na San Marco 2. Ilikuwa mara ya kwanza duniani setilaiti kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake mlikuwa na mzani aliobuni Broglio mwenyewe: ganda jepesi la nje limeshikwa na mikono inayonesa kwenye kitu kizito cha ndani. Hewa kidogo iliyobaki kule juu ikilisukuma ganda, mikono inapinda, unapima. Kwa njia hiyo alipata unene wa hewa ya juu kabisa palepale Ikweta.

Kwa hiyo muelewe kwamba Broglio mwenyewe alikuwa mtu wa hewa na roketi, nyota hazikuwa fani yake. Nyota zilikuja kwa mlango mwingine.

Wamarekani walikuwa wanataka kurusha setilaiti ndogo ya kupima miale ya eksirei kutoka angani. Eksirei ni hiyo hiyo ya hospitali. Vitu vya moto wa kupindukia huko juu vinatoa miale hiyo, lakini hewa ya dunia inaizuia yote, na usalama wetu uko hapo. Ukitaka kuiona lazima utoke nje ya hewa. Tena kuna chembe za umeme zilizonaswa kuizunguka dunia ambazo zinavuruga vipimo vya namna hiyo, na ukikaa juu ya Ikweta unazikwepa sehemu kubwa. Uwanja wa Broglio ukawa ndio mahali pake hasa.

Ikarushwa Desemba 12, 1970, siku Kenya inaadhimisha miaka 7 ya uhuru. Mama aliyesimamia mradi huo NASA, Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Hivyo setilaiti ya kwanza duniani kupelekwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani tu ina jina ambalo bibi yangu na bibi yako wanalielewa bila kutafsiriwa. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, naye mzaliwa wa Italia, alipewa Nobel mwaka 2002 kwa kazi yake ya kufungua elimu hiyo.

Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba vyanzo kadhaa vinapiga kama moyo. Kimoja, Centaurus X-3, kilipiga kila sekunde 4.8. Kingine, Hercules X-1, kila sekunde 1.24. Hizi ni nyota za nyutroni. Nyota kubwa ikimaliza nishati yake inalipuka, na kiini kinachobaki kinajikunja mpaka uzito unaozidi wa Jua letu unaingia kwenye tufe lenye upana wa kilomita 20 na kitu. Ungeweza kuliweka ndani ya wilaya ya Kasulu na nafasi ikabaki. Kijiko kimoja cha udongo wake kina uzito wa tani mabilioni.

Lakini hizo mbili za Uhuru zina mwenza. Kila moja inazungukana na nyota ya kawaida na inamnyonya gesi yake. Gesi ikianguka juu yake inawaka eksirei. Hizo ni rahisi kuziona kwa sababu zinalishwa. Swali gumu ni hili: vipi nyota ya nyutroni iliyo peke yake? Haina mwenza, haina wa kumnyonya, iko gizani inapoa polepole. Utaijuaje?

Jibu lilianzia tena kwenye jukwaa la Broglio. Katikati ya Novemba 1972 iliondoka pale setilaiti iitwayo SAS-2, ya kupima miale ya gama, ambayo ni mikali kuliko eksirei. Njia yake ilikaa ndani ya nyuzi 2 hivi kutoka Ikweta, kimo cha kilomita 440 mpaka 610. Maana yake kila ilipomaliza mzunguko, saa moja na nusu hivi, ilipita karibu na utosi wa mtu wa Kibondo. Huo ndio mwaka wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wanavuka mpaka kuingia mkoa wetu wa Kigoma kwa maelfu. Huku chini watu wanatafuta pa kulala, juu yao mashine inapita zaidi ya mara kumi kwa siku, na hakuna aliyekuwa na habari nayo.

SAS-2 ilifanya kazi miezi 7 tu. Juni 1973 umeme wake ukaharibika, ikawa mwisho. Lakini ilikuwa imeshaona vitu vitatu vinavyong'aa kwa gama vizuri. Viwili vilijulikana, ni nyota za nyutroni ambazo darubini za redio zilishazisikia. Cha tatu, katika kundi la nyota la Mapacha, hakuna aliyekijua. Redio haikusikia kitu. Darubini za kawaida hazikuona kitu. Baadaye mtaalamu mmoja wa Milano, Giovanni Bignami, akakipa jina Geminga, ambalo kwa kilugha cha huko kwao linasikika kama mtu anayesema hakuna kitu. Waha nao wangepata jina la namna hiyo, nina uhakika.

Tatizo la gama ni kwamba haikupi anwani kamili. Ni kama uambiwe mtu unayemtafuta anakaa kata fulani, basi. Nyumba hujui, kitongoji hujui. Ndani ya hiyo kata ya angani kuna nyota maelfu. Ikabidi eksirei ziingie kazini, maana zenyewe zinaweza kukufikisha mpaka mlangoni. Setilaiti ya Einstein, iliyorushwa na Marekani mwaka 1978, ilielekezwa kwenye eneo hilo na ikaona vyanzo vichache vya eksirei. Bignami, mwenzake Patrizia Caraveo na Mmarekani Richard Lamb wakaanza kuvichuja. Hiki kina nyota ya kawaida mahali pake, toa. Hiki nacho kinaeleweka, toa. Kikabaki kimoja ambacho mahali pake hapaonekani nyota yoyote. Mwaka 1983 wakatangaza kwamba huyo ndiye mshukiwa.

Na hapa ndipo ilipo mbinu yenyewe, naomba muishike. Nyota ya kawaida inatoa mwanga mwingi na eksirei kidogo. Nyota ya nyutroni iliyo peke yake ni kinyume: ngozi yake ina joto la mamia ya maelfu ya nyuzi, kwa hiyo inatoa eksirei, lakini ni ndogo mno, mwanga wa macho unakuwa hakuna. Ni kama usiku unasikia jenereta inanguruma mtaani na hakuna hata taa moja inayoonekana. Unajua kuna kitu. Ukikuta eksirei nyingi na nyota hakuna, simama hapohapo uchimbe. Darubini kubwa zilipokuja kuipata Geminga miaka ya mwisho ya 1980, mwanga wake ulikuwa pungufu mara milioni 60 hivi ukilinganisha na nyota hafifu kabisa ambayo jicho letu linaweza kuiona.

Bado mshukiwa ni mshukiwa. Uthibitisho ulikuja mwaka 1992. Setilaiti ya eksirei ya ROSAT, ya Ujerumani ikishirikiana na Marekani na Uingereza, iliwapa Jules Halpern na Stephen Holt mapigo yenyewe: kila sekunde 0.237, yaani zaidi ya mara 4 kwa sekunde. Kitu kinachopiga kwa kasi hiyo na kwa utulivu ule hakiwezi kuwa kingine, ni nyota ya nyutroni inayozunguka. Watu wa gama wakapima kwa setilaiti yao mpya, mapigo yakatoka yaleyale.

Halafu kuna wataalamu waliorudi kwenye kumbukumbu za SAS-2. Hesabu zilizopokelewa mwaka 1972 na 1973 kutoka ile setilaiti iliyoondoka Malindi. Wakazipanga upya kwa kutumia yale mapigo ya sekunde 0.237. Mapigo yalikuwemo! Yalikuwa yamelala mle kwenye data miaka 20, hakuna aliyekuwa na ufunguo wa kuyasoma. Leo tunajua Geminga iko umbali wa miaka ya nuru 800 hivi na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 340,000. Ndiyo nyota ya nyutroni iliyo peke yake ya kwanza kutambuliwa bila msaada wowote wa redio.

Tumrudie mzee wetu. Setilaiti ya mwisho kurushwa kutoka jukwaa lake ilikuwa San Marco 5, Machi 25, 1988. Roketi za Scout zikaelekea ukingoni, ya mwisho ikaruka mwaka 1994 huko Marekani. Broglio alitaka ipatikane Scout kubwa zaidi ya kuendeleza kazi Malindi, haikurushwa. Majukwaa yakabaki yamesimama baharini yanaliwa na chumvi. Kilichoendelea ni kituo cha nchi kavu cha kupokea mawasiliano ya setilaiti, ambacho miaka ya 1996 mpaka 2002 kilihudumia BeppoSAX, setilaiti ya eksirei ya Italia na Uholanzi. Broglio alifariki Roma, Januari 14, 2001, akiwa na miaka 89.

Sasa wadau, maoni yangu. Kuna watakaosema Mzungu alikuja akatumia bahari yetu akaondoka na sifa, sisi tukabaki tunatazama moshi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki ilitoa mahali, na elimu ilikwenda kwingine. Kenya iliunda shirika lake la anga mwaka 2017 tu, nusu karne baada ya San Marco 2. Setilaiti yake ndogo ya kwanza, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na hicho hicho chuo cha La Sapienza, ilianza kuzunguka Mei 2018. Afadhali kuchelewa, lakini miaka 50 ni mingi.

Ila mimi naona na upande mwingine. Broglio alikuwa mtu wa nchi iliyopigika, asiye na roketi, akatazama ramani akauliza ni nini kinapatikana bure ambacho wenye pesa hawana. Akakiona: Ikweta na bahari tupu. Sisi tulizaliwa juu ya hiyo Ikweta. Tunakaa kwenye milima ya Kigoma yenye giza la usiku ambalo mtu wa Ulaya analilipia nauli kulitafuta. Na kitu cha tatu kinachopatikana bure siku hizi ni data zenyewe. Kumbukumbu za SAS-2, za Uhuru, za ROSAT, zote ziko wazi kwenye hifadhi za mtandaoni. Januari 2024 Wajerumani walitoa sehemu ya kwanza ya data za eROSITA, vyanzo vya eksirei karibu 900,000. Ndani yake watu wanatafuta hizi nyota pweke kwa mbinu ileile: eksirei zipo, nyota haipo. ROSAT ilipata kundi la saba tu za aina iliyotulia inayong'aa kwa joto lake, kwa hiyo hata moja mpya ni habari kubwa.

Kazi hiyo haihitaji roketi. Inahitaji hesabu, uvumilivu, na mtu wa kukaa mbele ya kompyuta kama hiyo uliyokaa sasa hivi. Geminga ilikaa kwenye data miaka 20 kwa sababu hakuna aliyeipanga inavyotakiwa. Sioni kwa nini wa kuipanga inayofuata asitoke sekondari ya Kasulu au Kibondo, ila tu aanze na fizikia anayoikimbia.

Januari au Februari mawingu yakiachia, toka nje saa mbili usiku. Tafuta Kilimia, halafu Orion, kisha zile nyota mbili angavu za Mapacha upande wa kaskazini mashariki. Geminga iko maeneo hayo. Hutaiona, lakini ipo.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali, au mwenye mzee wake aliyefanya kazi Ngomeni enzi hizo, atuandikie hapo chini kwenye maoni.